LIKIZO HAIUZWI: SAFARI YA PASAKA KATIKA MASHAMBA YA ITALIA



Mwezi wa nne wa mwaka 2025, sisi wawili kutoka chama cha wafanyakazi wa mashamba huku Uganda tulialikwa na wenzetu wa Italia kwenda kutazama jinsi wanavyowaunganisha vibarua wa mashambani. Tulipofika mjini Torino tulikaribishwa nyumbani kwa mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma. Mkewe hufanya kazi katika kiwanda cha biskuti, upande wa kufunga makasha. Wana binti wa miaka 20 na mtoto wa kiume wa miaka mitano.

Tulidhani mafunzo tutayapata ofisini. Tuliyapata ofisini, lakini makubwa zaidi tuliyapata kwenye meza ya jikoni, wenyeji wetu walipokuwa wakipanga safari ya Pasaka kwa gari, kupita mashambani mpaka kusini kwa mzee wao.

Huenda wengine mkasema: safari ya starehe ya Wazungu yatuhusu nini sisi tunaokata miwa na kuchuma chai? Tunaomba msome mpaka mwisho, halafu mtuambie.

DAFTARI LENYE SAFU NNE

Usiku wa kwanza, baada ya chakula, dada mwenye nyumba alileta daftari la shule na kalenda. Alianza na siku. Huko Italia Ijumaa Kuu si sikukuu ya mapumziko kama ilivyo kwetu. Viwanda vinaendelea na kazi. Lakini Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko kwa sheria ya mwaka 1949. Wao huiita Pasquetta, yaani Pasaka ndogo, na ni desturi yao siku hiyo kutoka mjini na kula chakula mashambani chini ya miti. Kuna msemo wao kwamba Krismasi ni ya kukaa na watu wa kwenu, bali Pasaka ukae na umtakaye.

Mwaka huo Pasaka iliangukia tarehe 20 Aprili, Jumatatu yake tarehe 21. Tarehe 25 Aprili ni sikukuu ya kukumbuka kukombolewa kwa nchi yao mwaka 1945, nayo ilikuwa Ijumaa. Dada yule akatia alama kwa kalamu nyekundu. Akiomba siku tatu tu za likizo, yaani Jumanne, Jumatano na Alhamisi, basi pamoja na sikukuu na mwisho wa juma atapata siku tisa mfululizo, kutoka Jumamosi tarehe 19 mpaka Jumapili tarehe 27. Siku tatu zimezaa tisa! Tulitazamana sisi wawili. Ni wangapi kati yetu waliowahi kukaa na kalenda namna hiyo?

Kisha akachora safu nne: mafuta, ushuru wa barabara, malazi, chakula. Gari lao lilikuwa dogo, hivyo mume aliazima kwa ndugu yake gari la watu tisa pamoja na dereva, ambalo leseni ya kawaida ya huko huruhusu kuliendesha. Gari hilo lilikula lita 8 za dizeli kwa kilomita 100. Safari yote ilikuwa kilomita 2,000 na kidogo, basi lita 160. Kwa bei ya siku zile, euro 1 na senti 65 hivi kwa lita, ikawa zaidi ya euro 260. Dada akaandika pembeni: kituoni tujaze wenyewe, tusijaziwe, maana ukijaziwa na mhudumu bei hupanda.

Ushuru wa barabara nao ulipunguzwa kwa akili. Barabara kuu za mwendo wa kasi ni za kulipia: unachukua tikiti ukiingia, unalipa ukitoka kwa kadiri ya mwendo. Wakakubaliana kwenda kwa barabara ya kulipia ili wamwahi mzee kabla ya Pasaka, lakini kurudi polepole kwa njia za mashambani zisizo na ushuru.

Fedha za kutimiza safu zile zilitoka wapi? Wafanyakazi wa Italia hupata mwezi Desemba mshahara wa mwezi wa 13. Hawakuupewa kwa hisani. Uliingia katika mikataba kwa kudaiwa. Dada alikuwa ameweka kando sehemu yake tangu Desemba, asiiguse. Na malazi aliyaagiza tangu Februari, kwa wakulima wanaokaribisha wageni mashambani kwao, maana ukingoja Pasaka ifike vyumba vyote vimekwisha na mikahawa mingi imefungwa.

RUHUSA ILIYOTAKA KUPOTEA

Tusije tukadhani kwamba huko kila kitu huja chenyewe. Dada alikuwa ameomba siku zake tatu kwa barua mwezi wa Januari, akabaki na nakala yenye tarehe. Wiki mbili kabla ya Pasaka msimamizi akamwambia hakuna ruhusa, kuna kazi ya kusafisha mashine. Jioni ile alirudi nyumbani akalifunga daftari, akaliweka juu ya kabati. Mumewe hakusema neno. Mtoto alikuwa amekwisha panga viatu vyake mlangoni.

Kesho yake alikwenda kwa wawakilishi wa wafanyakazi kiwandani na ile nakala. Sheria ya huko humpa mwajiri nafasi ya kupanga wakati wa likizo, lakini ni lazima aangalie mahitaji ya kazi na masilahi ya mfanyakazi pia. Wawakilishi wakauliza mambo mawili tu: barua ilipokelewa lini, na kwa nini haikujibiwa kwa muda wa miezi mitatu. Baada ya siku nne ruhusa ilitoka. Hakuna aliyepiga kelele, na hakuna mgomo uliofanyika. Barua yenye tarehe na chama kilicho macho vilitosha.

Tulimwuliza dada: Kama wangekwambia chukua fedha badala ya siku zako, ungekubali? Akacheka, akasema hata akitaka hawezi. Tukaelezwa. Katiba ya Italia iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1948, katika kifungu cha 36, yasema kwamba mfanyakazi ana haki ya mapumziko ya kila juma na likizo ya kila mwaka yenye malipo, wala hawezi kuikana haki hiyo. Na sheria ya mwaka 2003 imeweka angalau majuma manne kwa mwaka, ambayo hayabadilishwi kwa fedha ila tu mtu anapoacha kazi.

Someni tena, ndugu. Hawezi kuikana. Waliotunga maneno yale walijua kwamba mtu mwenye njaa atauza hata pumzi yake, kwa hiyo wakaitoa likizo sokoni kabisa.

BINTI KATIKA DAKIKA ISHIRINI

Tuliondoka Jumamosi saa kumi alfajiri. Mtoto alifungwa katika kiti chake, maana huko ni kosa kumpakia mtoto mdogo bila kiti maalumu. Katika gari mlikuwa na fulana za kung'aa na pembetatu ya kuonya, kama sheria inavyotaka. Mwendo wa mwisho barabara kuu ni kilomita 130 kwa saa, lakini mwenyeji wetu hakupita 110. Alisema dizeli huliwa na mguu wa dereva. Malori makubwa yalikuwa machache sana. Siku za Pasaka hukatazwa kutembea kwa saa nyingi, na hivyo madereva wake nao hupata kula na watoto wao.

Binti hakuwa nasi. Anafanya kazi katika mkahawa mmoja kando ya barabara hiyo hiyo, kupita Bologna, kwa mkataba wa miezi michache. Zamu yake ilikuwa Jumamosi, Pasaka yenyewe, na Jumatatu. Kwa hiyo katika daftari mama yake alikuwa ameandika: saa tatu asubuhi, mapumziko ya binti, dakika 20.

Tulifika kabla ya saa tatu. Binti akatoka amevaa aproni, wakakaa wote katika gari, mlango wazi, wakala mayai ya kuchemsha na keki yao ya Pasaka yenye umbo la njiwa. Mama alimkatia kipande kikubwa. Binti alitueleza kwamba sikukuu hulipwa nyongeza katika mkataba wao, lakini wa miezi michache haombi kubadilishiwa zamu, maana anaogopa mkataba hautarudiwa. Saa ikafika akaondoka mbio. Mama aliyafuta makombo kwenye kiti polepole, na mpaka Rimini hakuna aliyezungumza.

Watu wanaosafiri siku ya sikukuu humwona mhudumu aliyechelewesha kahawa. Hawaulizi Pasaka yake iko wapi. Tangu siku ile sisi tunauliza.

CERIGNOLA, MJI WA KIBARUA ALIYEONGOZA MAMILIONI

Bahari tuliiweka mkono wa kushoto, tukashuka kusini mchana kutwa mpaka mkoa wa Puglia. Jioni tulifika Cerignola, mji wa mzee. Maelfu kwa maelfu ya watu wa kusini walihamia viwanda vya Torino katika miaka ya 1950 na 1960, na mwana wa mzee huyu aliwafuata baadaye. Mzee mwenyewe alibaki. Alikuwa kibarua wa mashamba maisha yake yote. Kwao vibarua huitwa braccianti, neno linalotokana na mkono, kwa sababu mtu yule hakuwa na kingine cha kuuza ila mikono yake.

Hapo Cerignola ndipo alipozaliwa Giuseppe Di Vittorio mwaka 1892, mtoto wa vibarua. Baba yake alikufa yeye akingali mdogo, akaacha shule na kuingia shambani. Kusoma alijiendeleza mwenyewe, na kamusi ilikuwa mwalimu wake. Mwaka 1921 alichaguliwa mbunge akiwa gerezani. Baada ya vita aliongoza shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi wa Italia mpaka alipofariki mwaka 1957, na tangu mwaka 1949 alikuwa rais wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Duniani. Sisi tulioishia darasa la saba tulisimama mbele ya jina lake kwa heshima na, tuseme kweli, kwa faraja.

Siku ya Pasaka tulikula mwana-kondoo na zeituni kubwa za mji ule. Mzee alitupa habari za zamani: vibarua kusimama uwanjani kabla ya jua kuchomoza, nyapara akipita kuchagua, huyu ndiyo, huyu hapana, na wote wamevua kofia. Akasema chama kilipokuja, jambo la kwanza lililobadilika halikuwa mshahara. Lilikuwa kofia. Watu waliacha kuvua kofia mbele ya mwenye shamba.

Jumatatu asubuhi, tukipakia vikapu kwenda kula mashambani, redio ilitangaza kwamba Papa Fransisko amefariki, akiwa na miaka 88. Wazazi wa baba yake walitoka mkoa wa Piemonte kwenda Argentina kutafuta maisha. Mzee alisimama ua mzima ukimtazama, akavua kofia. Kisha akatuambia: "Hii ndiyo ya kuivulia."

SHAMBA LISILOJUA PASAKA

Tukaenda. Uwanda wa Foggia mwezi wa nne ni kijani mpaka upeo wa macho. Ngano imefika magotini. Watu walikuwa wametandika nguo chini ya mizeituni, moshi wa nyama ukipanda. Na kando ya njia hiyo hiyo tuliona watu wameinama kwa safu katika shamba la asparaga.

Asparaga ni mboga ya vichipukizi vyembamba vinavyotoka ardhini. Hukua upesi sana. Usipovikata leo, kesho vimepita kiasi cha kuuzwa. Kwa hiyo mkataji hana Pasaka. Mtoto aliuliza kwa nini wale hawali chakula na wenzao. Baba yake akasimamisha gari.

Tulizungumza na mmoja wao, kijana wa Ghana, kwa Kiingereza. Alisema analala katika vibanda vilivyojengwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege za jeshi, mahali paitwapo Borgo Mezzanone. Analipwa kwa siku, anakatwa nauli ya gari la nyapara, na katika karatasi zake zimeandikwa siku chache kuliko alizofanya. Tulimwuliza likizo yake ni lini. Alifikiri tunatania.

Ndugu, twawajua manyapara, lakini tusikilize wa kule. Huyu hukusanya watu alfajiri, huwajaza katika gari lake, huwapeleka shambani, na hukata sehemu ya jasho lao. Tarehe 13 Julai 2015, Paola Clemente, mama wa Kiitalia mwenye miaka 49, alianguka akafa katika shamba la zabibu huko Andria, si mbali na Cerignola. Kila siku alisafirishwa alfajiri kutoka upande wa Taranto kwenda kazini. Kifo chake kilisukuma sheria namba 199 ya mwaka 2016, ambayo inamshika nyapara na mwajiri anayemtumia pia.

Hata hivyo mwezi Agosti mwaka 2018, wakati wa kuvuna nyanya, barabara za Foggia ziliua vibarua 16 kutoka Afrika kwa siku mbili: wanne tarehe 4 na 12 tarehe 6. Mara zote mbili walikuwa wanarudi kutoka shambani wakiwa wamejazana katika gari dogo, likagongana na lori. Siku mbili baadaye wenzao waligoma na kuandamana wakiwa wamevaa kofia nyekundu za kazi, wakidai haki na usafiri wa kibinadamu.

Mtoto alikuwa katika kiti chake chenye mikanda, sisi tukiwa na fulana zetu za kung'aa. Barabara ni hizo hizo. Mwenyeji wetu alisema neno ambalo tuliliandika: "Likizo yangu ililipiwa na waliogoma kabla yangu. Ya huyu nani atailipia?" Tulimwachia kijana yule nusu ya chakula chetu na anwani ya ofisi ya chama mjini Foggia. Chakula kilikwisha siku ile. Twatumaini anwani haikupotea.

KURUDI KWA NJIA YA KONDOO

Jumanne tulianza kurudi. Kutoka Foggia tulishika barabara namba 17, isiyo na ushuru, ipandayo milima ya katikati ya nchi kupitia Lucera na Isernia mpaka Sulmona. Sambamba nayo zimo njia pana za nyasi walizopita wachungaji kwa mamia ya miaka, wakiwashusha kondoo uwandani wakati wa baridi na kuwarudisha milimani joto linapoanza. Njia ya kutoka L'Aquila mpaka Foggia ina kilomita 244, nao walikwenda kwa miguu. Wafalme waliweka forodha ya kondoo mwaka 1447, kila kondoo akalipiwa malisho. Tukasema, hata hapa ushuru wa barabara si jambo jipya! Juu kabisa, zaidi ya mita 1,200, kulikuwa na baridi iliyotufanya tuvae nguo zote tulizokuwa nazo.

Jumatano tulivuka bonde la Fucino. Zamani lilikuwa ziwa. Mwenye benki tajiri aitwaye Torlonia alilikausha katika karne ya 19, na ardhi ikawa yake. Mwanzoni mwa mwaka 1950 vibarua wenye njaa walifanya mgomo wa namna ambayo hatujapata kuisikia kwetu. Hawakuacha kazi, maana kazi hawakuwa nayo. Waliingia wakatengeneza barabara na mifereji bila kuagizwa na mtu, kisha wakadai malipo. Wao huuita mgomo wa kinyume. Tarehe 30 Aprili mwaka huo vibarua wawili walipigwa risasi wakafa mjini Celano. Mwaka uliofuata ardhi ile ilitolewa mikononi mwa Torlonia, ikagawiwa wakulima. Leo ni bonde la viazi na karoti. Tulipita juu ya barabara zake kwa mwendo wa taratibu.

Alhamisi ilikuwa ya mikoa ya Umbria na Toscana, ile ya picha za kalenda: vilima, miti mirefu myembamba, nyumba za mawe. Katika nyumba hizo waliishi wakulima wa nusu kwa nusu. Mavuno yaligawanywa, nusu ya mwenye ardhi, nusu ya familia nzima iliyolima. Sheria ya mwaka 1964 ilikataza mikataba mipya ya namna hiyo. Familia nyingi zilihamia mijini, na leo nyumba zao nyingi hulala watalii. Usiku ule tulilala katika moja. Dada alitazama dari la mbao, akasema bibi yake angeshangaa kuona watu wanalipa ili walale humu.

Ijumaa tarehe 25 Aprili tulikuwa Gattatico, karibu na Reggio Emilia, kwenye nyumba ya ndugu saba wa ukoo wa Cervi. Walikuwa wakulima wa kupanga ardhi. Walisifiwa kwa kulima kwa akili, na trekta lao bado lipo pamoja na tufe la dunia, kuonyesha kwamba mkulima naye aitazame dunia yote. Wakati wa vita waliwaficha wafungwa waliotoroka na wapinzani wa udikteta. Tarehe 28 Desemba 1943 wote saba walipigwa risasi siku moja, na baba yao akabaki hai. Kila mwaka watu hukusanyika hapo kwa sikukuu ya ukombozi, na mwaka huo ilikuwa imetimia miaka 80.

Jumamosi tulimalizia Vercelli, nchi ya mpunga. Maji yalikuwa yanaanza kufunguliwa mashambani. Hapo zamani wanawake walikuja kwa maelfu kupalilia mpunga, siku nzima wameinama ndani ya maji. Mwaka 1906 walipata siku ya kazi ya saa 8. Watu wa viwanda vya vyuma waliipata mwaka 1919, na sheria ya nchi ikaja mwaka 1923. Mwenyeji wetu, mtu wa vyuma, alikiri kwamba wanaume wa kiwandani walifuata nyayo za wanawake wa matopeni.

Jumamosi usiku tulikuwa nyumbani Torino. Jumapili ilikuwa imeachwa tupu katika daftari kwa makusudi. Dada alieleza: Jumatatu zamu yake huanza saa kumi na mbili asubuhi. Likizo inayokurudisha kitandani saa nane za usiku si mapumziko, ni zamu nyingine.

NASI TUFANYE NINI?

Hatusemi kila mmoja wetu aende Italia. Sisi wenyewe tulikwenda kwa mwaliko, na mshahara wetu hautufikishi mbali. Tunasema likizo ni mali yetu, na mali isiyopangwa hupotea.

Sheria za kwetu nazo zipo. Uganda, sheria ya kazi ya mwaka 2006 yatoa siku 7 zenye mshahara kamili kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Kenya, sheria ya mwaka 2007 yasema zisipungue siku 21 za kazi. Tanzania, sheria ya mwaka 2004 yatoa siku 28 mfululizo. Lakini tunawajua wenzetu waliofanya kazi miaka kumi bila kupumzika hata mara moja. Wengine walichukua fedha kidogo dirishani wakatia sahihi. Wengine ni vibarua wa kila siku na hawajui kwamba wanastahili chochote. Fedha ile ilikwisha kabla ya mwisho wa mwezi. Mgongo ulibaki na maumivu yake, na watoto wamekua hawamjui babu.

Basi tuanze hivi. Mwezi wa Januari kaa na mama watoto, au na mumeo, na kalenda. Tazameni sikukuu zimeangukia wapi. Ombeni siku zenu kwa maandishi na mbaki na nakala yenye tarehe. Mkinyimwa, mwoneni mwakilishi wenu mapema, msingoje siku ya safari. Wekeni akiba ndogo ya nauli kila mwezi, hata kama safari ni ya basi kwenda kwa wazee kijijini. Na mkiwa njiani, tazameni mashambani na mikahawani nani anafanya kazi siku ya sikukuu, mwulize ana chama au hana.

Binti wa wenyeji wetu alituandikia baadaye. Amejiandikisha katika chama yeye na wenzake watatu wa mkahawa ule. Pasaka nyingine anataka awe ndani ya gari.

Umoja ni nguvu.